Jini Ndani ya Chupa ya Dawa

Ukikwangua ganda la ndimu mbichi kwa ukucha, harufu yake hufika puani kabla hujaona hata tone la mafuta kidoleni. Mimi harufu hiyo hunirudisha Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yetu, wakati wa ile vita kuu ya pili, nikiwa na miaka tisa hivi. Wengine ndimu huwakumbusha samaki wa kukaanga. Mimi hunikumbusha jini, na nawaomba msinihukumu mpaka nimalize.

Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja wa reli. Sisi tulimwita Bwana Reli, maana jina lake lilikataa kukaa katika ndimi zetu. Baba alikuwa mtu wa swala tano. Jikoni kwa Bwana alipika vyakula halali na visivyo halali, vyote akavipika vizuri, na visivyo halali hakuvionja hata mara moja. "Mkono unafanya kazi," alikuwa akisema, "lakini kinywa kina dini."

Bwana Reli na mkewe walipenda kinywaji kimoja walichokiita gimleti: ile pombe kali yao iitwayo jini sehemu mbili, sharubati ya ndimu sehemu moja, vinatikiswa pamoja na barafu mpaka chombo kiumize vidole kwa baridi. Sharubati yenyewe ilitoka Ulaya ndani ya chupa. Vita ilipozuia meli, chupa zikaisha, na Bwana akamwambia baba aitengeneze kwa ndimu za hapa hapa.

Kinu kizuri kilikuwa kwetu, kwa hiyo baba aliifanyia kazi hiyo nyumbani. Bwana alimpa jini kidogo katika chupa ya dawa, ya kujaribia, pamoja na cheti chenye sahihi, kwani siku zile Mwafrika akikutwa na pombe ya kizungu bila cheti alikwenda kulala ndani. Siku ya kwanza baba alipoweka ile chupa mezani na kusema, "Asiguse mtu, humu mna jini," nilikimbilia uvunguni mwa kitanda. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Toka, Mwajuma," aliniambia. "Huyu ni wa kizungu. Hampandi mtu kichwani mpaka anywewe."

Kazi yangu ilikuwa kumenya maganda membamba, bila ile nyama nyeupe inayoleta uchungu. Mama aliyatwanga pamoja na sukari mpaka yakalegea na kutoa maji ya kijani. Baba aliongeza maji ya ndimu, akayaacha yakae, kisha akayachuja kwa kitambaa cha melimeli. Halafu alipima kwa kikombe kidogo cha kuwekea yai: jini viwili, sharubati kimoja. Alinusa. Aliinua juu kwenye mwanga. Lakini kuonja hakuonja, na hapo ndipo shida ilipokuwa.

Jumamosi ya kwanza mke wa Bwana alimwaga kinywaji chake bustanini, akasema ni kitamu kama dawa ya kikohozi. Jumamosi ya pili kilikuwa kikali mpaka mgeni mmoja akafumba jicho. Baba alikuwa amemwita jirani yetu Petro, fundi seremala, Mkatoliki ambaye dini yake haikumkataza, aje amwonjee. Petro alisifu kila alichopewa.

"Petro hata ukimpa maji ya kisima bure atasema ni asali," mama alisema.

Bwana Reli hakugomba. Alisema tu kwamba kuna mpishi mmoja kutoka upande wa Choma anayetafuta kazi, na kwamba Jumamosi inayofuata atakuwa na wageni wakubwa. Baba alituambia maneno hayo wakati wa chakula, kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi. Lakini niliona hakumaliza ugali wake.

Ijumaa alichanganya vikombe vitatu, kila kimoja kwa kipimo chake cha sharubati, akavipanga juu ya benchi. Adhana ikasikika. Akachukua kofia yake, akaenda msikitini. Mama alikuwa kisimani. Nikabaki mimi na vile vikombe.

Nilionja vyote vitatu. Cha kwanza kilishuka kama nimemeza kaa la moto, na moto ulipopoa, sukari ikabaki imening'ang'ania ulimini. Cha pili ndimu iling'ata. Cha tatu tamu na chachu vilikuja pamoja, wala hakuna aliyemsukuma mwenzake. Niliosha kinywa, nikatafuna jani la mchaichai, nikakaa.

Baba aliporudi nilimwambia, "Cha tatu ndicho kizuri, baba. Ila maganda yapungue kidogo."

"Umejuaje?"

"Nimenusa."

Alikitazama kikombe cha tatu. "Umenusa," alisema. Hakuuliza tena.

Jumamosi hiyo mke wa Bwana aliomba glasi ya pili, na wageni nao wakaomba. Baba alirudi na kopo la biskuti. Habari za mpishi kutoka Choma zikafa. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kulewa sifa, alimwonya, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," na baba akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa majuma kadhaa.

Ndimu za kikapu hiki si za kikapu kile, kwa hiyo kila Ijumaa ilibidi apime upya. Kila Ijumaa alivipanga vikombe juu ya benchi, akachukua kofia, akaenda kuswali. Akirudi nilimwambia nilichonusa. Ilikuwa hivyo Ijumaa nne. Sikuwahi kujiona mtu mkubwa kama nilivyojiona siku zile. Nilidhani ninaibeba nyumba nzima kichwani.

Ijumaa ya tano nilitoka mbio chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani. Baba alikuwa amekaa barazani, hajatoa hata kikombe.

"Baba," nilimwambia huku nahema, "leo hatunusi?"

Aliniangalia mdomo, si macho. Kisha akainuka, akaleta chupa ya dawa, akaimimina yote kwenye shina la mpapai, pole pole, mpaka tone la mwisho. Jumatatu alirudi saa nne asubuhi, kanzu yake ya kazi imekunjwa chini ya kwapa. "Kazi imekwisha," alimwambia mama.

Nilijua nimefanya kosa, ila sikujua lipi. Baada ya siku chache Bwana Reli mwenyewe alikuja nyumbani kwetu, kofia mkononi. Nilijificha nyuma ya mlango nikiamini amefuata jini yake iliyomwagwa. Walizungumza kidogo, Bwana akatikisa kichwa, akaondoka.

Baba akapata kazi ya kupika uji wa wagonjwa hospitalini Kitete, masufuria makubwa kuliko mimi, na mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Viatu vyangu vya Idi mwaka ule vilikuwa vya mwaka uliopita. Nilikua nikiwasimulia watu, kwa uchungu, jinsi Wazungu walivyomfukuza baba yangu kwa ajili ya kinywaji.

Nilimsimulia hata mume wangu hivyo hivyo, mbele ya mama, wakati baba amekwisha kufariki. Mama aliweka chini ungo wake.

"Nani kakwambia alifukuzwa? Aliacha mwenyewe. Bwana alikuja kumbembeleza na kumwongezea mshahara. Baba yako akamjibu, 'Nina binti, Bwana.' Yule Mzungu hakuelewa. Na mimi sikuelewa, mpaka usiku ule aliponieleza kwamba umeanza kuikimbilia ile chupa."

Sasa nami nimelea wangu, na kinachonikaa moyoni si ile kazi aliyoiacha. Ni zile Ijumaa nne. Mtu mwenye akili kama baba hakuamini pua yangu hata siku moja. Alijua tangu ile ya kwanza, na bado alivipanga vikombe, akachukua kofia, akaenda kusimama safuni na wenzake. Sijui aliomba nini huko. Ninalojua ni kwamba hakunigombeza hata kwa neno moja, mpaka anazikwa, wala hakuniita mkosaji. Deni la kosa lile aliliandika kwa jina lake mwenyewe, akalilipa kwa kukoroga uji.