Skana ya Kuangalilia Mayai

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mimi nilikuwa na duka dogo la kupiga chapa na fotokopi pale Thika. Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuja dukani na sidii ndani ya bahasha, akafuta kila kitu kwenye kompyuta yangu ya pekee, akaweka Linux. Alinieleza kwamba ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao watu wa dunia nzima wanauandika na kupeana bure, na yeyote anaweza kuufungua aone ulivyotengenezwa.

"Na mimi nikitaka kuandika barua tu?" nikamuuliza.

"Utaandika. Lakini sasa utaandika ukiwa huru."

Basi nikaandika nikiwa huru. Shida ilikuja na picha. Kazi yetu kubwa ilikuwa programu za harusi na mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha, na watu walikuwa wamechoka na mtindo wangu wa kubandika picha kwa gundi. Nusu ya marehemu wa mtaa ule walizikwa wakiwa wamekaa upande. Tulihitaji skana, ile ya kulaza picha juu ya kioo.

Mwalimu aliazima moja kwa rafiki yake. Tukaichomeka. Kompyuta ikaandika kwamba haioni skana yoyote.

"Iko hapa!" Mwalimu akaiambia kompyuta. "Nimeishika kwa mkono!"

Aliazima ya pili, na hiyo pia haikuonekana. Ndipo rafiki yake wa Nairobi mwenye intaneti akamtumia karatasi yenye orodha ya skana zinazoelewana na Linux. Zilikuwa chache, nyingi za zamani, nzito, zenye waya mnene kama kidole gumba. Mwalimu alitembea na ile orodha mfukoni, akiwasomea watu kama tangazo la mtu aliyepotea.

Mmoja wa waliosomewa alikuwa jirani yetu muuza chakula cha kuku. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Sanduku bapa? Lina kioo juu na taa ndani? Hiyo nimeiona Ruiru, kwa shosho mmoja, bibi mzee. Anaangalilia mayai."

Mwalimu hakungoja hata jirani afunge duka lake. Alimbembeleza, tukapakia kompyuta nzima kwenye pikapu yake katikati ya magunia ya chakula cha kuku, mimi nikiwa nimekumbatia skrini, tukateremka Ruiru.

Tulimkuta shosho katika chumba alichoziba madirisha kwa blanketi ili kuwe giza mchana kweupe. Mbele yake ilikuwa skana, taa ikiwaka, na juu ya kioo ameweka kartoni yenye tundu. Alikuwa anapitisha yai moja moja pale tunduni kuona kama lina kifaranga. Mwanawe alikuwa amepewa kile chombo ofisi yao ilipohama, akamletea mama yake. Mwalimu aliinama, akasoma kibandiko cha nyuma, akatoa orodha yake.

"Ndiyo hii! Shosho, waya wake wa kompyuta uko wapi?"

"Uko na mbuzi."

Kweli, mbuzi alikuwa amefungwa kwa ule waya nyuma ya nyumba. Tulimfungua, tukamfunga kwa mshipi wa Mwalimu, kwa hivyo yote yaliyofuata yalifanyika huku mume wangu akishika suruali kwa mkono mmoja.

Aliunganisha kila kitu, akachapa amri. Skana ikanguruma. Taa, ambayo kwa miaka miwili haikuwa imesonga hata kidogo, ikaanza kutembea.

"Haiya! Inakimbia na taa yangu!" shosho akapiga kelele, akabandika kiganja juu ya kioo kuizuia.

Pole pole, mstari kwa mstari, picha ikashuka kwenye skrini: ukingo wa kartoni, unyoya mmoja, na kiganja cha shosho, kila mstari wa mkono wake ukionekana. Mwalimu aliruka juu kwa furaha, akasahau suruali, akaishika ikiwa tayari magotini, akayumba, akakaa juu ya trei ya mayai.

Shosho akainama kutazama trei.

"Hayo nilikuwa nishaangalia," akasema. "Yalikuwa mazuri."

Baada ya hapo hakutaka kutuachia skana bila kupata taa nyingine. Mwalimu alirudi siku iliyofuata na sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe, lenye balbu kubwa ndani. Shosho aliweka yai, wakaanza kuongea habari za mvua, na walipokumbuka, yai lilikuwa limeiva.

"Mwalimu, mimi nataka kuangalia yai," akamwambia kwa upole. "Kupika najua."

Sanduku la pili, lenye balbu ndogo, alilikubali. Ndipo tukabeba skana yetu.

Ilikuwa polepole ajabu, ukingoja picha moja ungeweza kuteleka chai, lakini ilifanya kazi, na habari zikaenea. Watu walikuja kutoka Ngoliba, wengine Gatuanyaga, na picha wamezifunga kwenye leso. Asubuhi moja alikuja mzee aliyesikia kwamba tuna mashine ya kupiga picha bila kamera. Nilikuwa nimegeuka kutafuta karatasi. Nilipoangalia tena, alikuwa amevua kofia, ameinama, shavu lake limelala juu ya kioo na macho ameyafumba.

"Anza, mama," akasema. "Niko tayari."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nilianza. Pua ilitoka bapa kama chapati, na sikio moja kubwa kuliko uso. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Ni baba yangu kabisa," akasema, akaomba nakala ya pili ampelekee ndugu yake.