Nilivyomshuku Fundi wa Supachaja

Gari letu lilipofika Moshi kutoka Dar, kila fundi aliyefungua boneti alitaka kutoa kitu kilekile. Miaka ile magari ya mitumba ya Kijapani yalikuwa yanashuka kwa wingi, na huku mlimani, ambako asubuhi dereva huvaa sweta, hakuna aliyehitaji kiyoyozi. Mafundi walizoea kuondoa kompresa yake ili gari lisile mafuta bure. Kwangu waliona pampu yenye puli na mkanda, wakasema itoke. Ni mmoja tu, mzee wa Kiislamu mwenye gereji karibu na reli, aliyewasha injini kwanza na kusikiliza. Kulikuwa na mluzi mwembamba. Akacheka, akaniambia hiyo si kompresa ya kiyoyozi, ni supachaja: inashindilia hewa ndani ya injini, na mlima wa Marangu sitausikia.

Tangu siku hiyo alilishika gari langu yeye peke yake, lakini sikumwamini. Kwetu gari haliachwi kwa fundi. Nilikaa juu ya kreti la soda tangu anafungua boneti mpaka anaifunga, nikifuata mikono yake. Chini ya supachaja nilichora alama kwa msumari, ili ikibadilishwa nijue. Aliniona nikichora. Akaendelea kukaza nati.

Nilikuwa na sababu zangu. Baba alifia barabarani karibu na Bomang'ombe, magari yalipogongana uso kwa uso, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule kidato cha pili nikiwa na wadogo watatu nyuma yangu. Ndugu wa baba walikuja na maneno matamu, kumbe walikuwa wanakipima kwa macho kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba yetu. Baada ya hapo mtu akinichekea, naangalia mikono yake. Gari lenyewe lilitokana na miti ya baba, migrivea, ambayo sisi wanne tulikubaliana kuikata na kuiuza mbao. Siku za kazi lilikuwa teksi, mara Holili, mara Bomang'ombe. Jumapili ya mwisho wa mwezi lilikuwa langu.

Jumapili hizo tulikutana huko chini tambarare, kwenye shamba la mkonge lililoachwa, palipokuwa na uwanja wa zamani wa ndege ndogo. Wenye magari walipanga mapipa na matairi kuonyesha njia, kila gari likazunguka peke yake, na mtu mmoja akashika saa. Hakukuwa na kombe. Nilitoa tairi la akiba, mazulia na kibao cha teksi, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Mluzi ulipanda, na kwa dakika mbili sikuwa mzazi wa mtu.

Jumapili moja mluzi haukuja. Gari lilikwenda, lakini kwa uzito. Dereva mmoja wa Arusha akaniuliza, "Aisee teksi, umesahau kumshusha abiria?" Watu wakacheka. Nilifungua boneti. Mkanda ulikuwa unazunguka vizuri, na alama yangu ipo. Basi, nikajiambia, fundi ameliacha ganda, ameiba vya ndani. Nikakumbuka kwamba Alhamisi, gari likiwa gereji, mdogo wangu wa mwisho aliniletea ndizi za mchana, akaniita nje tuzungumze habari za shule. Tulizungumza muda mrefu. Fundi alipata nafasi yake hapo.

Jumatatu nilimuuliza mbele ya wateja wake vya ndani ya supachaja yangu viko wapi. Mzee akafuta mikono.

"Sijachukua kitu cha mtu, kijana wangu. Gari lako lina kila kitu chake. Ila silirudishi lilivyokuwa. Nilipewa kazi na wenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

"Miti ilikuwa ya nani?"

Wateja wawili waliwasha magari yao wakaondoka kabla hayajaguswa. Niliwaona, sikuwazuia.

Nyumbani niliwakuta wadogo zangu wote watatu jikoni, wakimenya ndizi. Nilipouliza, wawili waliangalia visu vyao. Aliyejibu ni yule wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, pale pale nilipoishia mimi. Alikuwa amekwenda gereji kuuliza ni kitu gani kinalifanya gari lipae, na kuomba kitolewe. Fundi alimkatalia mara mbili. Walipokwenda wote watatu, akakubali kuchomoa waya mmoja: ukitoka, mkanda unazunguka lakini pampu haishiki. Aliwaambia nikimuuliza hatadanganya, lakini hatawataja.

"Kaka," alisema, "siku ya baba tulikuwa hapa hapa jikoni tunasubiri. Kila Jumapili ya mwisho tunasubiri tena."

Nilimweleza kwamba kule uwanjani hakuna gari linalokuja mbele yako.

"Najua. Tunasubiri hivyo hivyo."

Kesho yake nilimwamkia mzee shikamoo, nikasema mbele ya waliokuwepo kwamba nilimsingizia. Halafu niliwatafuta wale wateja wawili. Mmoja alirudi kwa mzee. Mwingine, niliyempata sokoni Bomang'ombe, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema fundi ni fundi tu, na hakurudi tena. Hilo sikuweza kulitengeneza.

Nilimwomba mzee achomeke waya. "Wakiniambia wao," akajibu.

Basi mimi niliyezoea kutoa ruhusa nikaenda kuiomba. Wawili walikubali. Wa mwisho akasema, "Nikimaliza kidato cha nne." Ilikuwa bado miaka miwili. Waya ule nilishajua ulipo, na mkono wangu ulitosha kuufikia. Sikuugusa. Jumapili za mwisho nilidandia magari ya wenzangu nikaenda kuwashikia saa, huku nikiwa na wasiwasi kwamba siku ikifika ataongeza sharti jingine.

Hakuongeza. Alipotoka kwenye mtihani wa mwisho alipitia gereji akiwa na sare yake, akamwambia mzee achomeke. Jumapili ya mwisho iliyofuata alikuja nami uwanjani, akasimama karibu na pipa la tatu, akaipa njia mgongo. Nilipokanyaga, mluzi ukapanda. Kila nilipopita pale niliuona mgongo wake, na hakugeuka mpaka nilipozima injini.