Meno ya Plastiki

Niliposhuka Kilosa kutoka Morogoro, nilimkuta mama amekwisha kujifunga kanga ya kutokea. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa mama, alikaa kitandani na mwanawe mchanga mapajani. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi na mwili unawaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika wakati mzuri, utatusindikiza Mvumi. Huyu ana meno ya plastiki."

Miaka ile, mtoto akiharisha na kupata homa, watu walimfunua mdomo. Wakiona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale panapotokea chonge, walisema hayo ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto atakufa, na kwamba hospitali hawayajui. Mvumi kulikuwa na bibi aliyeyatoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Yalianza lini? Nani aliyapa jina hilo? Niliuliza tangu nikiwa sekondari, nikaambiwa mtoto wa kike hapaswi kuwa na mdomo.

Nikaketi kati ya mama na mlango. Nilikuwa na sababu mpya ya kutowapisha.

Tangu utotoni sikuweza kumenya muwa kwa meno. Tukienda Ruaha kwa shangazi, wenzangu walichana maganda huku wanatembea. Mimi niliuma, meno ya mbele yakapishana bila kukutana, muwa ukabaki mzima. "Mleteeni bibi kisu!" walicheka. Nilipokwenda hospitali, mganga wa meno aliniuliza kama yanauma. Nikasema hayaumi. "Sasa umefuata nini?" Alikuwa na koleo tu, na koleo halinyooshi.

Kisha mashamba ya mkonge yakauzwa, viwanda vikauzwa, na madaktari nao wakafungua maduka yao. Nilipomaliza chuo na kupata kazi Morogoro, nilipanda ngazi hadi kliniki iliyokuwa juu ya duka la vipuri. Daktari alinijaza mdomo udongo laini wa waridi, akatoa humo sanamu ya meno yangu kwa plasta. Akanipiga eksirei. Akanikalisha chini ya taa.

"Uma. Fungua. Uma tena, polepole."

Aliona taya langu linavyokwenda kushoto kila ninapofunga mdomo, likitafuta mahali pa kutua.

"Chonge za chini uling'oa lini?"

"Sijawahi kung'oa jino."

Aliinua picha kwenye mwanga. "Hapa hapana kitu, na hapa hapana kitu. Siyo kwamba yamechelewa. Mbegu zake ziliondolewa ukiwa mchanga, mengine yakahama kujaza nafasi. Wewe mtu wa wapi?"

"Kilosa."

"Alaa," akasema, kana kwamba Kilosa ndilo jina la ugonjwa.

Angenifunga waya, uyavute meno taratibu hadi yakutane. Nikamwuliza kama chonge zitarudi. Akasema waya husogeza jino lililopo, hauoteshi lisilokuwapo. Angalau huyo hakuniuzia uongo.

Haya yote nilimweleza mama nikiwa pale pale mlangoni. Alinisikiliza amesimama.

"Wewe ulikuwa unakwisha," akasema. "Nilikubeba mgongoni mpaka Mvumi, nikijua narudi na maiti. Yakatolewa, ukapona. Leo unanisuta kwa mdomo huo huo niliouokoa."

"Ningepona kwa maji ya chumvi na sukari, mama."

"Ungepona! Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ndiye mimi niliyetobolewa."

Mdogo wangu akacheka bila kutaka. "Msomi kafika."

"Niliyaona kwa macho yangu," mama akaendelea. "Meupe, laini, kama punje za wali."

"Ukipasua ufizi wa mtoto yeyote utayakuta. Ndimo yanamokaa."

Mama akakaza fundo la kanga. Sikumshawishi, nilikuwa nimeketi mlangoni tu, na mtoto alizidi kulegea. Mwishowe mdogo wangu akasimama mwenyewe, akasema, "Twendeni hospitali kwanza." Neno hilo la mwisho nililisikia, nikajifanya sikulisikia.

Hospitali walimwekea dripu, wakatufundisha kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko. Homa ikashuka. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliyevaa sare safi kabisa alituinamia, akanong'ona, "Ila mpitisheni na Mvumi. Hospitali ni hospitali." Nikamwuliza alisomea wapi. Mama akanivuta mkono na kumwomba radhi kwa niaba yangu.

Mdogo wangu alirudi kwa mumewe Mikumi, mimi Morogoro, kufungwa waya. Mdomo uliniuma hata uji ukawa adhabu, lakini nilivumilia, kwa kuwa mtoto mmoja wa ukoo wetu angemenya muwa bila kisu. Hiyo nilijihesabia kuwa ushindi.

Nilipopata likizo nikaenda Mikumi kuwaona. Mtoto alikuwa amenenepa, anatambaa. Malori yalipita nje na kutikisa vikombe mezani.

"Ee dada!" mdogo wangu akashangaa. "Umejizungushia uzio, unaogopa tembo wa hifadhi?"

Mtoto nikampakata. Akanitia kidole mdomoni, akagusa vyuma, akacheka. Nami nikamtia changu. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamechomoza. Pembeni mwake, upande huu na ule, kidole kilizama kwenye kishimo chenye kovu.

"Lini?"

Mdogo wangu alijishughulisha na birika. "Mama alitupeleka Mvumi kabla hatujaondoka Kilosa. Akasema maji yametuliza tu, maradhi yatarudi."

"Mtoto alikuwa anaumwa tena?"

"Hapana. Alikuwa mzima." Akanimiminia chai. "Na tangu hapo hajaumwa hata siku moja."

Chai sikuigusa. Aliniona, akanishika goti.

"Usinune bwana, dada. Zamani ndiyo mtu alikuwa anabaki hivyo hivyo. Siku hizi si yanarekebishwa? Akikua utampeleka kwa daktari wako."

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba waya hauoteshi jino. Yeye akainama karibu, akaangalia vile vyuma vinavyong'aa, akatabasamu.

"Tazama yalivyoanza kunyooka," akasema.