Jina la Mama Ubavuni mwa Boti

Boti ya baba ilikuwa na jina la mama yangu. Mama alipofariki, baba alilipaka mwenyewe ubavuni kwa rangi nyeupe. Watu wa kisiwa cha Idjwi, wakiiona inakuja kuchukua maharagwe, walipiga kelele wakimwita marehemu toka ufukoni. Nilipenda sana kusikia vile.

Mwaka ule wa machafuko, Wabelgiji wakingali wanatutawala, jeshi lilichukua boti zote za watu zenye mashine. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nashona maturubai bandarini, kwa hiyo nilijua utaratibu wao. Boti iliyofungwa bunduki ilifutwa jina, ikapewa herufi na namba kama mfungwa. Iliyobeba chakula cha askari tu iliachiwa jina lake la nyumbani. Nikashusha pumzi. Yetu ilikuwa ya maharagwe.

Asubuhi moja nikaikuta imepakwa kijivu, imeandikwa V 4. Ndani magunia ya maharagwe, hakuna bunduki hata moja.

Nyumbani baba alitikisa kichwa. "Bazungu njo banaamua, mutoto wangu. Tufanye nini?" Mke wake mpya alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho. Niliwatukana Wazungu mpaka sauti ikakauka, na baba akawa anaitikia.

Kesho yake nikamvamia karani wa bandari. "Bunduki iko wapi? Ile boti iko nabeba chakula! Murudishe jina!"

Karani alikuwa mtu mpole. Alinifungulia fomu ya boti yetu. Juu: chakula, jina libaki. Chini, kwa mwandiko wa baba ninaoujua vizuri, ombi kwamba jina lifutwe, lisirudishwe hata boti ikirudi.

"Nilimuuliza mara mbili, dada," alisema. "Alikataa."

Nilimwambia baba nimeiona karatasi. Hakubisha. Mke wake, alisema, amechoka kusikia marehemu akiitwa ziwani. Hilo ningelimeza. Lakini aliniacha nilie na kutukana mbele yake, naye anajua! Nilimchukia, sifichi.

Nikahamia kwa shangazi, mtaa wa Cimpunda. Jumapili baba akanifuata.

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna, papa. Lakini mu kitabu yako ya leta, ile kitambulisho ya serikali, pale majina ya batoto iko, na mimi unifute."

Aliondoka bila kunywa chai.