Aliyekwisha Kuagwa

Ilitangazwa rasmi, na redio ikarudia kwa heshima zote, kwamba katika jamhuri yetu huru, sasa mwaka wa pili, kila kijana mwenye shahada aliyeomba masomo ya juu ng'ambo atajibiwa kabla ya mvua. Kule kisiwani Nosy Be mama yake Elamine alisikia, akaamini. Akapika pilau, mtaa ukasoma dua ya safari ya ng'ambo, na mwanawe akaagwa kwa machozi, aende kwanza mji wa bandari wa Mahajanga kungojea jibu kwa shangazi yake, Zalia.

Mvua zikaja, zikaondoka. Kurudi kwao hakuweza: aliyesomewa dua ya safari akarudi bila kusafiri huitwa mtu wa nuksi. Hata barazani shangazi alimkataza kukaa.

"Ingia ndani, mwanangu. Watu wa Nosy Be wakikuona watapeleka habari kwamba bado uko."

"Lakini niko, shangazi."

"Wewe unajua, na mimi najua. Yatosha."

Hatimaye binamu yake Houmadi, tarishi wa wizara ya elimu, alikuja likizo kutoka mji mkuu. Elamine akamuuliza kama ombi lake limekataliwa.

"Likataliwe na nani?" alisema Houmadi, akijimegea mkate. "Kamati ya kuyasoma maombi haijateuliwa."