Aliyegonga Mawe Ng'ambo ya Lualaba

Baba yangu aliogopa mstari mtupu daftarini kuliko alivyoogopa watu wenye fimbo. Ndiyo maana mwaka ule wa kufukuzwa, familia nzima zikiwa zimelala juu ya mafurushi stesheni ya Kolwezi zikingoja mabehewa, mimi na yeye tulikuwa tunashuka magenge ya Nzilo na mifuko mgongoni, kwenda kusoma maji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Chini ya bwawa la Nzilo, mto Lualaba unaingia katika korongo refu la miamba, na kwenye miamba hiyo kampuni ya bwawa ilipigilia mbao zenye namba za kupimia kina cha mto. Kila mwezi wasomaji wawili walitoka bwawani, mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule. Walishuka siku mbili, wakakutana kwenye daraja la nyaya, kisha wakabadilishana ukingo na kupanda siku mbili nyingine mpaka walikoanzia. Hivyo kila ubao ulisomwa na watu wawili na hakuna aliyeweza kudanganya. Mwenzake baba alikuwa mwenyeji wa huko, na kwa miaka mingi walikula bukari, ugali wa kwetu, sahani moja kwenye daraja lile.

Kisha ikasemwa kwamba kila mwenye asili ya Kasai arudi kwao, na watu wenye fimbo wakapita nyumba kwa nyumba. Babu yangu aliletwa na treni kutoka huko kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, na mimi vilevile. Haikusaidia kitu. Mwenzake baba akaanza kuvuka barabara kila alipotuona Manika, mtaani kwetu. Baba alisema labda macho yake yameharibika. Nilimjibu kwamba macho hayaharibiki kwa kabila.

Mama alikuwa stesheni na kaka yangu mdogo na kitinda mimba wetu, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Treni ilisemekana itafika Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Baba alipotangaza kwamba anakwenda kufunga hesabu ya mwezi wake wa mwisho, mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi, binti yake mkubwa, niliyekuwa na miaka kumi na tisa.

"Umufate," akasema. "Umurudishe mbele ya treni kufika."

Njiani nilimuuliza baba daftari lile atamkabidhi nani, maana ofisi ilikuwa imefungwa na mishahara imekatika.

"Nikiacha buku tupu, batasema nilikimbiaka."

"Kwani tata, haukimbie?"

Aliinama akakaza kamba za viatu vyake. Nilikuwa na hasira naye, na nilitaka aijue.

Ndani ya korongo watu hawaitani kwa majina. Wasomaji walisema jina likishaingia kwenye miamba ile halirudi lilivyotoka. Waliongea kwa mawe. Ukigonga mara mbili, maana yake nipo, ni mzima. Mwenzako hujibu kwa pigo moja. Ukigonga mara tatu, maana yake simama hapo ulipo, kuna hatari mbele au maji yanafunguliwa juu, na usisogee mpaka ugongewe moja. Baba alinifundisha hayo tangu nikiwa mtoto, tena kwa ukali kuliko alivyonifundisha sala.

Siku ya kwanza hatukukutana na mtu. Kwenye vibanda vya wavuvi tulikuta milango wazi, nyavu zimeanikwa, na sufuria ya bukari iliyokauka juu ya mafiga. Hata mbwa hakuwepo. Hatua zetu ziligonga ukuta wa ng'ambo na kurudi zikiwa nyingi, kana kwamba nyuma yetu kuna msafara. Nilikuwa nageuka geuka kama mwizi. Baba alifika kwenye ubao wa kwanza, akasoma namba, akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, kisha akaokota mawe mawili na kuyagonga mara mbili. Nilikaribia kumcheka.

Ng'ambo ikajibu kwa pigo moja.

Nilisema ni mwangwi. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mwangwi, akanieleza, ungerudisha mbili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa ndugu. Mimi nilitazama ukingo wa pili kipande kwa kipande, jiwe kwa jiwe, na sikuona mtu wala kivuli cha mtu. Kila ubao ikawa hivyo hivyo: baba mbili, ng'ambo moja.

Jumatano alasiri, kona ya mwisho kabla ya daraja, ng'ambo iligonga mara tatu bila kuulizwa.

Baba alitua mfuko na kukaa chini. Nilimwambia daraja liko palepale mbele, tukisimama tutachelewa, na watu wa treni hawana adabu ya kungoja. Akaniambia aliyesikia tatu akaendelea kutembea ni mpumbavu au maiti. Tulilala pale. Alhamisi asubuhi namba kwenye ubao ilikuwa ileile ya jana, na saa sita mchana ileile tena. Nikamwambia maji hayapandi, anaona mwenyewe.

"Eko na sababu," akasema baba. "Yee hanidanganyake."

Nilitaka kumwacha niende peke yangu, na najuta hadi leo kwamba sikufanya hivyo. Lakini miguu yangu nayo ilikataa. Alasiri ng'ambo ilipogonga moja, tuliondoka.

Kwenye daraja hapakuwa na mtu. Palikuwa na majivu, bado ya moto chini, na alama za miguu mingi, na fimbo zilizotoka kuchongwa, zimeegemezwa kwenye mwamba kwa mstari kama watoto wa shule. Baba alizitazama kwa muda mrefu. Akakata nusu ya bukari yetu, akaiweka juu ya jiwe, akasema mwenzake aliwaona wenye fimbo hizo ndiyo maana akatusimamisha, na haya ya kutukwepa Manika ndiyo inayomzuia kujitokeza. Tukavuka.

Ukingo wa pili njia ni ya mchanga laini. Mwenzake, kama alishuka, alishukia hapo. Niliona nyayo za nyani tu, na za ndege. Nilisema moyoni ni upepo uliofuta nyayo za mtu.

Tulifika stesheni Jumamosi jioni. Treni ilikuwa imeondoka mchana ule, siku moja kabla ya ahadi. Mahali mama alipokaa tulikuta kinu chetu tu.

Tuliwapata Mwene-Ditu, huko Kasai, baada ya miezi mingi, mama na kaka yangu. Mdogo wetu alishikwa na homa njiani. Treni iliposimama porini, mama hakuwa na mtu mzima wa kumwachia wakati wa kutafuta maji; mtoto akafa, akamzika kando ya reli. Mama hakumlaumu baba hata siku moja. Nilimlaumu mimi, kwa miaka, na jibu lake lilikuwa moja daima: rafiki yake alituokoa, bila yeye tungekufa darajani.

Nilipokuwa mtu mzima, biashara ilinirudisha Kolwezi. Nilimtafuta mwenzake baba, sasa mzee, nikamkuta Manika, amekaa mlangoni kwake. Sikuwa nimeamua kama nitamshukuru au nitamtemea mate. Nilimsimulia yale mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaficha uso kwa mikono.

"Mi sikutokaka ile mwezi, mama," akasema. "Nilibakia mu nyumba. Nilisikiaka haya ya kuonana na tata yako."

Nilirudi Mwene-Ditu na maneno hayo. Baba alikuwa kitandani, amekwisha kwa ugonjwa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nimemwona mwenzake. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli. Lakini kama mwenzake hakugonga, basi rafiki hakuwepo, na mtoto alikufa kwa ajili ya nini? Nikamwambia mwenzake anamsalimia sana.

Baba alifumba macho. Akanyoosha mkono, akagonga ubao wa kitanda mara mbili, akangoja.

Nikagonga moja.