Kichuguu cha Mpakani

Mwenze alifyatua matofali ujana wake wote. Kuta nyingi za mtaa wa Makomeno zilipita mikononi mwake kabla ya kupata wenyewe, naye akilala katika nyumba ya miti na udongo, kijijini kwa shefu Kalaba, njia ya Ruashi.

Miaka hiyo Elisabethville ilikuwa inawajia. Kila kiangazi mji ulimeza shamba jingine la mihogo. Shefu Kalaba akaenda kwa wazungu wa mji, akabishana nao mpaka koo likamkauka, akarudi na neno moja: mji utaishia kwenye kichuguu kikubwa. Huku nyuma yake, kijiji kitakaa.

Kichuguu chenyewe kilisimama karibu na nyumba ya Mwenze, kirefu kupita paa, miti imeota juu yake. Watu wakatulia.

Mwenze hakutulia. Kazini alimsikia kapita, msimamizi wao, akisema wazungu hubomoa nyumba za udongo tu, za matofali huziacha. Akaamua kuchoma matofali yake mwenyewe. Na fundi yeyote wa kule anajua kwamba udongo mzuri ni wa kichuguu. Ule wa mtoni una mchanga, hupasuka motoni.

"Baba Claudine," mke wake Virginie akamwambia, "kile kichuguu iko mupaka."

"Nakata kipande kidogo tu. Mupaka itabakia."

"Ni vile ulisema ku pombe ya ndoa ya mudogo wangu. Kidogo tu. Tulikurudisha na machela."

Mwenze akacheka, akachukua jembe. Majirani nao walicheka, kisha wakaja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Kunda, na toroli yake.

"Ndugu, nipe na miye matofali ya jiko. Bibi yangu anapikia mu moshi."

Atamnyimaje jirani? Mvua zilipoanza, kichuguu kilikuwa shimo, na nyumba ya Mwenze ilisimama nyekundu, ina madirisha, Virginie ametundika mapazia.

Ndipo alipokuja mzungu mpimaji na fito zake.

"Kichuguu iko wapi?"

Shefu Kalaba alimtazama Mwenze. Mwenze alionyesha shimo. Maji yalikuwa yamejaa, bata wanaogelea.

"Kilikuwa hapa, Bwana."

"Miye natafuta kichuguu, hapana bata."

Mpimaji akainua macho. Mbali, kupita nyumba ya mwisho, kupita hata makaburi, kulikuwa na kichuguu kingine. "Ni kile," akasema. Shefu Kalaba alibishana tena, lakini safari hii hakuwa na kitu cha kunyooshea kidole. Vigingi vikapigwa kule, na kijiji chote kikawa ndani ya mji, pasipo ruhusa ya kukaa mjini.

Kapita hakusema uongo. Nyumba za udongo zilibomolewa zote, ya matofali ikaachwa. Wazungu wakaweka simenti yao ndani. Virginie alishusha mapazia yake, akayakunja.

Wanakijiji wakahamia upande wa Kinsevere. Kunda ndiye aliyetumwa na shefu kugawa viwanja.

"Wewe utakaa kule," akamwambia Mwenze, bila kumwita ndugu.

"Kule iko muchanga tupu," Virginie akasema. "Hakuna hata kichuguu kimoja."

"Njo maana nakuweka kule."

Kwenye toroli ya Kunda lilikuwapo jiko lake, limebomolewa vipande vipande, matofali yale yale mekundu. Mwenze aliyatazama. Akaenda kukata miti ya nyumba ya udongo.